Joto la dunia: kulisimamisha tunaweza, kulishusha ni kazi nyingine

Ukiuliza kama njia tulizo nazo leo zinaweza kurudisha nyuma ongezeko la joto duniani, utapata majibu mawili yanayopingana kabisa. Wapo watakaokuambia kazi imeshaanza: umeme wa jua umekuwa wa bei nafuu, mashine za kunyonya hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, ile gesi inayonasa joto angani, zimeshajengwa, kwa hiyo tusubiri tu. Na wapo watakaokuambia tumechelewa, barafu inayeyuka, hakuna la kufanya tena. Kinachonisumbua ni kwamba majibu yote mawili humfikisha msikilizaji mahali pamoja: anakunja mikono.

Swali hilo limebeba maswali matatu kwa mpigo. Je, tunaweza kupunguza kasi ya joto kupanda? Je, tunaweza kulisimamisha lisipande tena? Na je, tunaweza kulishusha lirudi lilikokuwa? Kila moja lina jibu lake, vifaa vyake na muda wake. La kwanza tumeshaanza kulitekeleza. La pili, vifaa vyake vingi tunavyo, ingawa tunavitumia kwa kusuasua. La tatu liko mbali sana, na mara nyingi ndilo linalofanywa kisingizio cha kutotekeleza la pili.

Tulipofika

Kabla viwanda havijaanza kuchoma makaa ya mawe kwa wingi, katika kila chembe milioni moja za hewa, kama 280 zilikuwa za hewa ukaa. Mwaka 1958 mwanasayansi Charles David Keeling alipoanza kupima hewa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, alikuta zimefika takriban 315. Mwaka 2024 wastani wa mwaka mzima ulikuwa umepita 420.

Joto nalo likafuata. Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliutaja mwaka 2024 kuwa wa joto kali kuliko yote tangu vipimo vianze, takriban nyuzi 1.55 za Selsiasi juu ya wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900. Mwaka mmoja hautoshi kusema kwamba mpaka wa nyuzi 1.5 uliotajwa katika Mkataba wa Paris wa 2015 umevukwa, kwa sababu mpaka huo hupimwa kwa wastani wa miaka mingi. Lakini wastani huo nao unaukaribia, na kwa mwendo huu huenda ukauvuka mapema katika muongo wa 2030.

Makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia, pamoja na utengenezaji wa saruji, hutoa kama tani bilioni 37 za hewa ukaa kila mwaka. Ukataji wa misitu na matumizi mengine ya ardhi huongeza bilioni nyingine kadhaa juu yake. Karibu nusu ya yote hayo humezwa na bahari na mimea. Nusu nyingine hubaki angani, na sehemu yake kubwa hudumu huko kwa karne nyingi. Ugumu wote unaanzia hapo: hewa ukaa hulimbikizana. Dunia ikipunguza utoaji wake kwa nusu, joto halipungui kwa nusu. Linaendelea kupanda, ila kwa mwendo wa nusu.

Habari njema isiyosimuliwa vya kutosha

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba hata tukiacha leo kutoa hewa ukaa, joto litaendelea kupanda kwa miongo kadhaa kwa sababu ya ile iliyokwisha kutolewa. Dhana hiyo ilitokana na mahesabu yaliyochukulia kwamba kiasi cha hewa ukaa kilichoko angani kingebaki palepale. Ukweli ni kwamba tukiacha kuitoa, hakibaki palepale. Bahari na mimea huendelea kuimeza, na kiasi chake angani huanza kushuka. Wakati huohuo bahari, ambayo kwa ukubwa wake imechelewa kupata joto lote linaloistahili, huendelea kupata joto taratibu. Moja ya nguvu hizo inavuta joto chini, nyingine inalisukuma juu, na hukaribia kulingana. Kwa hiyo, kwa mujibu wa tathmini ya sita ya IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, utoaji wa hewa ukaa ukifika sifuri halisi, yaani kinachotolewa kisizidi kinachoondolewa, joto linalotokana nayo huacha kupanda ndani ya muda mfupi.

Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Linabadilisha kila kitu katika mjadala wa kama tumechelewa. Kiasi ambacho joto litazidi kupanda kutoka hapa tulipo kinategemea hasa kitakachochomwa kuanzia sasa, na hicho kiko mikononi mwa walio hai.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Kila tani bilioni 1,000 za hewa ukaa huongeza joto kwa takriban nyuzi 0.45. Dunia inatoa kama tani bilioni 40 kwa mwaka ukijumlisha misitu, kwa hiyo kila mwaka unaopita unaongeza karibu sehemu mbili za mia za nyuzi moja. Inaonekana ndogo. Miaka 25 ya namna hiyo ni nusu nyuzi kasoro kidogo, na nusu nyuzi ndiyo tofauti kati ya matumbawe kubaki machache na matumbawe kukaribia kutoweka: kwa makadirio ya IPCC, kwa nyuzi 1.5 asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe ya maji ya joto hufa, na kwa nyuzi 2 hufa zaidi ya asilimia 99.

Uhusiano huohuo una upande wake mchungu. Joto likishasimama, halishuki lenyewe. Litabaki hapo lilipofikia kwa mamia ya miaka, kwa sababu kilicholipandisha bado kiko angani. Kufika sifuri ni kufunga mlango wa hasara mpya. Hasara iliyokwisha kuingia inabaki ndani.

Umeme umetangulia

Kati ya kazi zote za kufika sifuri, iliyopiga hatua kubwa zaidi ni ya kuzalisha umeme. Gharama ya umeme wa jua kutoka mitambo mikubwa imeshuka kwa takriban asilimia 90 tangu mwaka 2010, na bei ya betri za lithiamu imeshuka kwa kiwango kinachokaribia hicho. Ilichukua dunia miongo mingi kufikisha paneli za kwanza zenye uwezo wa gigawati 1,000 (gigawati moja ni wati bilioni moja), jambo lililotokea mwaka 2022. Gigawati 1,000 za pili zilipatikana ndani ya kama miaka miwili. China peke yake ilifunga zaidi ya gigawati 270 za jua mwaka 2024. Mwaka huohuo, ukijumlisha jua, upepo, maji, nyuklia na vyanzo vingine safi, vilizalisha zaidi ya asilimia 40 ya umeme wote wa dunia.

Uingereza, nchi iliyokuwa na kituo cha umeme wa makaa ya mawe tangu mwaka 1882, ilifunga kituo chake cha mwisho cha aina hiyo, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024. Miaka michache tu kabla yake, mwaka 2012, makaa ya mawe yalikuwa bado yanazalisha karibu asilimia 40 ya umeme wa nchi hiyo. Kwa hiyo anayesema mifumo ya nishati haiwezi kubadilika ndani ya muongo mmoja au zaidi kidogo, historia ya karibuni inamkatalia.

Na bado utoaji wa hewa ukaa duniani haujaanza kushuka. Kwa nini? Kwanza, umeme ni kama sehemu ya tano tu ya nishati yote inayomfikia mtumiaji. Sehemu kubwa iliyobaki ni mafuta ndani ya injini, gesi ya kupasha majumba joto, makaa ya mawe ndani ya tanuri za viwanda. Ukihesabu nishati yote, makaa, mafuta na gesi bado vinashika karibu asilimia 80. Pili, mahitaji yenyewe yanakua. Paneli mpya nyingi zimekuwa zikilisha watumiaji wapya badala ya kuzima mitambo ya zamani. Nishati safi imeongezwa juu ya nishati chafu, wakati tunachohitaji ni iikalie mahali pake.

Kuna jambo moja linalorahisisha kazi, nalo watu wengi hulisahau. Hatuna haja ya kufidia kila kipimo cha mafuta kwa kipimo kilekile cha umeme. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nishati ya mafuta kama joto lisilo na kazi. Mota ya umeme hugeuza sehemu kubwa ya umeme wake kuwa mwendo. Pampu joto, ile mashine inayohamisha joto kutoka nje kuliingiza ndani, hutoa vipimo vitatu au zaidi vya joto kwa kila kipimo kimoja cha umeme. Kwa hiyo dunia inayotumia umeme zaidi itahitaji nishati ghafi kidogo kuliko ya leo kwa kazi ileile. Mwaka 2024 yaliuzwa magari ya umeme zaidi ya milioni 17, na zaidi ya gari moja kati ya kila matano mapya lilikuwa la kuchaji.

Vikwazo vya sasa vimehamia kwingine. Miradi ya jua, upepo na vyanzo vingine jadidifu yenye uwezo wa gigawati 3,000 ilikuwa kwenye foleni ya kuunganishwa na gridi, kwa hesabu ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya mwaka 2023. Vifaa vipo na wawekezaji wapo, ila nyaya za kusafirisha umeme hazipo. Kikwazo cha pili ni riba. Mtambo wa gesi hulipiwa mafuta yake mwaka hadi mwaka, lakini mtambo wa jua karibu gharama yake yote hulipwa siku ya kwanza, kwa fedha za mkopo. Nchi inayokopa kwa riba mara mbili ya nchi tajiri hununua umeme wa jua ulio ghali zaidi, hata kama jua lake ni kali zaidi na paneli ni zilezile. Kwangu mimi hii ni dhuluma iliyojificha ndani ya hesabu za benki, na haiondolewi na uvumbuzi wowote wa maabara.

Jiwe lenyewe linapotoa hewa ukaa

Zipo kazi ambazo hata umeme safi wa bure hauzimalizi. Saruji ndiyo mfano ulio wazi zaidi, na inafaa kuutazama kwa karibu, kwa sababu saruji inachangia karibu asilimia 8 ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu.

Kutengeneza saruji huanza na mawe ya chokaa. Husagwa pamoja na udongo, kisha huingizwa katika tanuri refu la duara linalozunguka polepole, lililolala kwa mteremko. Mchanganyiko unapoteremka ndani yake unakutana na joto linalozidi kupanda. Ukifika kwenye nyuzi 900 hivi, jiwe la chokaa linavunjika: chokaa inabaki, na hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe tangu enzi za viumbe wa bahari wa kale inatoka. Upande wa mwisho wa tanuri, kwenye nyuzi kama 1,450, vinaundwa vipande vigumu vya kijivu viitwavyo klinka, ambavyo husagwa kuwa saruji. Takriban asilimia 60 ya hewa ukaa ya kiwanda hicho imetoka ndani ya jiwe. Ukiondoa makaa yote kwenye moto na kuweka umeme wa jua, hiyo asilimia 60 bado ipo.

Zipo njia. Klinka inaweza kupunguzwa kwa kuchanganya udongo uliochomwa au mabaki ya tanuri za chuma, na hilo linafanyika tayari. Hewa ukaa inaweza kunaswa kwenye bomba la moshi kabla haijatoka: mwaka 2025 kiwanda cha saruji cha Brevik, Norway, kilizindua mtambo wenye uwezo wa kunasa tani 400,000 kwa mwaka, takriban nusu ya inayotolewa na kiwanda hicho, ili izikwe chini ya bahari. Kuizika si jambo la kubahatisha. Uwanja wa gesi wa Sleipner, Norway hiyohiyo, umekuwa ukiingiza hewa ukaa chini ya sakafu ya bahari tangu mwaka 1996. Shida ni kwamba saruji ya namna hiyo ni ghali zaidi, na mnunuzi haoni tofauti yoyote kwenye ukuta wake.

Chuma kina tatizo linalofanana, kwani makaa hutumiwa pia kung'oa oksijeni kutoka kwenye madini. Haidrojeni inaweza kufanya kazi hiyo, na Sweden ilitoa chuma cha kwanza cha namna hiyo mwaka 2021. Ndege za masafa marefu bado hazina jibu la bei nafuu.

Gesi ambayo kuipunguza hushusha joto kweli

Nimesema joto la hewa ukaa halishuki. Methani, gesi nyingine inayonasa joto, ni tofauti, na tofauti hiyo ina thamani kubwa sana.

Methani inachangia karibu theluthi moja ya joto lililokwisha ongezeka. Kwa kipindi cha miaka 20, tani yake moja hupasha joto kama mara 80 zaidi ya tani ya hewa ukaa. Lakini haidumu: baada ya kama miaka 12 sehemu kubwa yake imeshavunjika angani. Kwa hiyo ukipunguza utoaji wake leo, kiasi chake angani kinashuka ndani ya muongo mmoja au miwili, na joto lake linashuka pamoja nacho. Hii ndiyo njia pekee ya haraka tuliyo nayo ya kurudisha nyuma sehemu fulani ya ongezeko la joto, kwa vifaa vilivyoko dukani sasa hivi.

Nyingi hutoka kwenye ufugaji wa ng'ombe, mashamba ya mpunga na madampo ya taka, na sehemu hiyo inahitaji subira na mabadiliko ya kilimo. Nyingine huvuja kwenye visima vya mafuta, mabomba ya gesi na migodi ya makaa ya mawe. Hapo kinachohitajika ni vali zisizovuja, ukaguzi wa mara kwa mara, na kuacha kuichoma au kuiachilia hewani gesi isiyouzwa. Setilaiti siku hizi huona vujo kubwa kutoka angani na kuonyesha kisima chenyewe. Gesi iliyookolewa inauzwa, hivyo sehemu nzuri ya kazi hiyo hujilipa yenyewe. Mwaka 2021, katika mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa mjini Glasgow, ilizinduliwa ahadi ya kimataifa ya kupunguza methani kwa asilimia 30 ifikapo 2030, na nchi zaidi ya 150 zimejiunga nayo. Utekelezaji umekuwa hafifu na kiasi cha methani angani kimeendelea kupanda. Katika mambo yote yaliyomo kwenye makala hii, hili ndilo linaloniuma zaidi, maana hapa hakuna uvumbuzi unaosubiriwa.

Kwa gesi za friji na viyoyozi dunia imeonyesha inaweza. Itifaki ya Montreal ya 1987 ilipiga marufuku gesi zilizokuwa zikila tabaka la ozoni, ambazo pia zilikuwa zikipasha dunia joto kwa nguvu. Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 yakazigeukia zilizochukua nafasi yake, na yakitekelezwa kikamilifu yanaweza kuepusha hadi nusu nyuzi ya joto ifikapo mwisho wa karne.

Kuna mtego mmoja hapa. Moshi wa makaa ya mawe na wa meli una salfa, na chembe zake huakisi mwanga wa jua. Zimekuwa zikificha karibu nusu nyuzi ya joto. Tunapousafisha moshi huo, na lazima tuusafishe kwa sababu unaua watu kwa mamilioni, joto lililofichwa linajitokeza. Kupunguza methani kwa haraka ndiyo njia nzuri ya kulifidia.

Kuiondoa iliyokwisha kutoka

Sasa tuje kwenye kushusha. Ili joto lishuke, lazima tuondoe angani hewa ukaa nyingi kuliko tunayoitoa, mwaka baada ya mwaka.

Njia ya zamani kuliko zote ni miti. Leo binadamu wanaondoa kama tani bilioni 2 za hewa ukaa kwa mwaka, karibu zote kwa kupanda na kurudishia misitu. Ni kazi njema na iendelee. Ila mti ni ghala linaloweza kuungua. Mwaka 2023 mioto ya misitu ya Kanada ilitoa kaboni nyingi kuliko nchi yoyote iliyotoa kwa mafuta na makaa yake mwaka mmoja, isipokuwa China, Marekani na India. Ardhi nayo ina wenyewe, inalimwa na inalishwa mifugo. Msitu mkongwe uliosimama una kaboni ambayo miche mipya itachukua miongo mingi kuifikia, hivyo anayekata huku na kupanda kule hajalipa deni lake.

Njia ya pili ni mashine. Huko Hellisheiði, Iceland, kuna safu za makontena yenye feni kubwa. Feni zinavuta hewa ya kawaida na kuipitisha kwenye chujio lenye kemikali inayoshika hewa ukaa. Chujio likijaa, linafungwa na kupashwa joto la nyuzi kama 100, kwa nishati ya jotoardhi, ili liachie ilichokishika. Hewa ukaa hiyo inachanganywa na maji na kusukumwa chini kwenye miamba ya basalti, yaani miamba ya volkano, ambako inageuka jiwe ndani ya kama miaka miwili. Sayansi yake ni ya kweli na inapendeza. Mtambo wa kwanza, Orca, ulifunguliwa mwaka 2021 ukiwa umesanifiwa kwa tani 4,000 kwa mwaka. Wa pili, Mammoth, ulianza mwaka 2024, umesanifiwa kwa tani 36,000.

Kwa makaa, mafuta, gesi na saruji peke yake, dunia inatoa hewa ukaa kwa kasi ya takriban tani 1,170 kila sekunde. Mammoth ikifanya kazi mwaka mzima kwa uwezo wake wote, itakuwa imeondoa iliyotolewa na dunia ndani ya nusu dakika.

Ugumu unatokana na maumbile ya hewa yenyewe. Katika kila molekuli 10,000 za hewa, nne na ushee tu ndizo za hewa ukaa, kwa hiyo mashine inalazimika kupitisha hewa nyingi mno kupata kidogo. Kwa mitambo ya sasa, tani moja inahitaji nishati ya kama saa-kilowati 2,000, ukijumlisha joto na umeme. IPCC inakadiria kwamba kushusha joto kwa sehemu moja ya kumi ya nyuzi kunahitaji kuondoa takriban tani bilioni 220. Sababu mojawapo ya kiasi hicho kuwa kikubwa ni kwamba unapoipunguza hewa ukaa angani, bahari hurudisha sehemu ya iliyokuwa imeimeza.

Tuchukulie dunia imeamua kushusha nyuzi 0.3, yaani tani bilioni 660. Kwa tani bilioni 10 kwa mwaka ni miaka 66. Uzito huo wa bilioni 10 ni zaidi ya mara mbili ya mafuta yote ghafi yanayochimbwa duniani kwa mwaka. Nishati yake kwa mashine za leo ingekuwa saa-kilowati trilioni 20, wakati dunia nzima inazalisha umeme wa kama trilioni 30. Na hata bei ikishuka hadi dola 100 kwa tani, kutoka mamia kadhaa ya sasa, gharama ya jumla ni dola trilioni 66, kwa bidhaa ambayo hakuna anayeinunua kwa matumizi yake. Hewa ukaa iliyogeuka jiwe haiendeshi gari wala haiwashi taa. Lazima serikali ziilipie, kizazi hadi kizazi.

Sisemi kazi hiyo iachwe. Tutaihitaji ili kufidia gesi zitakazobaki zikitolewa na ndege, saruji na kilimo, na bila hiyo sifuri halisi haifikiki. Zipo njia nyingine zinazojaribiwa pia, kama kusaga basalti na kuimwaga mashambani ili inyonye hewa ukaa inapomeng'enyuka. Ninachokataa ni mpango wa kampuni au nchi unaosema tutaendelea kuchoma sasa, halafu wajukuu wataondoa. Kuacha tani moja ardhini karibu kila mara ni rahisi kuliko kuikimbiza angani.

Lipo pendekezo lingine la kushusha joto bila kugusa hewa ukaa: kunyunyiza chembe za salfa juu sana angani zizuie sehemu ndogo ya mwanga wa jua. Kwamba joto litashuka, hakuna shaka. Volkano ya Pinatubo ya Ufilipino ilipolipuka mwaka 1991 iliipoza dunia kwa karibu nusu nyuzi kwa muda wa kama mwaka mmoja hadi miwili. Lakini chembe hizo huanguka, hivyo kazi lazima irudiwe bila kukoma. Ikikatika ghafla kwa vita au kwa ukata wa fedha, joto lote lililozuiwa linarudi ndani ya miaka michache, kasi ambayo mimea, mashamba na miji haiwezi kuihimili. Mvua zinaweza kuhama, na hakuna chombo cha dunia chenye haki ya kuamua zihamie wapi. Bahari nayo, ikizidi kumeza hewa ukaa, inaendelea kuwa na tindikali zaidi kama kawaida.

Vitakavyobaki hata joto likishuka

Tuseme tumefanikiwa, joto likapanda hadi nyuzi 1.8 kisha karne ijayo likarudi 1.4. Dunia hiyo haitakuwa ileile tuliyoiacha. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada limeingia baharini, na maji ya kina kirefu hutoa joto lake kwa karne nyingi. Kina cha bahari kitaendelea kupanda muda wote huo, ingawa mwendo wake utategemea tulipoishia. Barafu ya Greenland, yenye maji ya kutosha kuinua bahari kwa takriban mita 7, ikishaanza kuporomoka kwa kujiendesha haisubiri kipimajoto kirudi chini. Spishi iliyotoweka imetoweka. Ndiyo maana kuvuka mpaka kwa nia ya kurudi baadaye ni hatari kuliko linavyosikika kwenye hotuba.

Kwa upande wa pili, kazi iliyofanyika haikuwa bure. Kabla ya Mkataba wa Paris, makadirio mengi yalionyesha dunia ikielekea karibu nyuzi 4 ifikapo mwaka 2100. Tathmini za karibuni za Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira zinaonyesha sera zilizopo zinatupeleka karibu nyuzi 3, na ahadi zikitimizwa, chini ya hapo. Ni pabaya bado, lakini nyuzi moja kasoro ni mamia ya mamilioni ya watu walioondolewa kwenye njia ya balaa. Kubaki chini ya nyuzi 2 kunahitaji hewa ukaa ifike sifuri halisi mapema katika miaka ya 2070; kubaki karibu na 1.5 kunahitaji ifike karibu mwaka 2050. Kwa vifaa vilivyopo, la nyuzi 2 naliona linafikika. La 1.5 bila kuvuka kwanza silioni tena.

Fedha zimeanza kuhama: mwaka 2024 uwekezaji katika nishati safi duniani ulikaribia dola trilioni 2, takriban mara mbili ya uliokwenda kwenye makaa, mafuta na gesi. Wakati huohuo, kwa hesabu za Shirika la Fedha la Kimataifa, ruzuku za moja kwa moja kwa nishati hizo chafu zilifika dola trilioni 1.3 mwaka 2022, na vituo vipya vya makaa ya mawe vinaendelea kujengwa. Kituo cha namna hiyo husanifiwa kufanya kazi miaka 40 au zaidi. Kitakachowashwa mwaka 2027 kitakuwa bado kinachoma mwaka 2067, isipokuwa apatikane wa kuwalipa wenye nacho wakifunge mapema.